Ukuta Haukusogea

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mpima ardhi mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Katibu aliniandikia kwamba vijana wa masomo ya sayansi wangependa kusikia habari za kompyuta katika kazi ya upimaji. Nilikubali upesi, kisha nikajuta, kwa sababu kisa ninachokijua vizuri kuliko vyote katika jambo hilo ni kisa cha kosa langu mwenyewe. Hata hivyo nimeona afadhali niwaeleze hicho hicho. Kijana aliyehusika ameniruhusu nikisimulie, ila aliomba nisimtaje jina.

Wale tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1976 tunakikumbuka kitabu cha logarithi cha tarakimu nne. Kilikuwa hakitoki mfukoni. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na kawaida yake: ukimletea jibu lenye tarakimu saba ulilolipata kwa kitabu cha tarakimu nne, alizipigia mstari mwekundu zile tatu za mwisho na kuuliza, "Hizi umezitoa wapi?" Tulidhani ni ukali tu. Nimekuja kulielewa swali lile nikiwa na mvi.

Kompyuta hatukuwa nazo, na wala hatukutazamia kuwa nazo. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya uzoefu mbaya wa mtambo wa hesabu za Hazina. Nilipoanza kazi tulitumia mashine za kuzungusha kwa mkono, na jasho likikutoka ulijua kila tarakimu umeipata kwa taabu gani. Siku hizi hesabu ya mwezi mzima inakwisha kabla chai haijapoa. Jambo hilo ni jema sana. Lakini tarakimu isiyokutoa jasho ni rahisi kuiamini kuliko inavyostahili.

Sasa twendeni Songo Mnara.

Kisiwa hiki kiko kusini ya Kilwa Kisiwani. Unapanda mashua Kilwa Masoko, unapita kati ya visiwa, na maji yakiwa yametoka unashuka na kutembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Ndani yake yamo magofu ya mji wa mawe uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16: jumba kubwa, misikiti kadhaa, nyumba za vyumba vingi, makaburi, na ukuta wa mji. Vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi, yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Bahari lakini haijaondoka. Mvua haijaondoka. Mizizi ya miti haijaondoka. Kwa hiyo kuta lazima zipimwe, na zipimwe tena, ili ijulikane ipi inainama na ipi imetulia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika kazi yao iitwayo Zamani, waliwahi kuyapima magofu haya kwa miale ya leza. Mimi kazi yangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo.

Baada ya kustaafu niliombwa kusaidia kupima kuta chache kwa misimu miwili. Mmoja ulikuwa ukuta wa kibla wa msikiti. Juu ya sehemu yake fupi tuliweka alama sita ndogo. Msaidizi hugusisha ncha ya fimbo yenye kioo kwenye alama, nami nikiwa mbali kwenye chombo nasoma pembe na umbali. Kutoka hapo zinapatikana namba tatu kwa kila alama: iko wapi kwa upande wa mashariki, iko wapi kwa upande wa kaskazini, na iko juu kiasi gani.

Naomba vijana wazishike vizuri namba hizo, maana kisa chote kimo humo. Katika mfumo wa ramani tunaoutumia, sisi tulio kusini ya ikweta tunahesabiwa hivi: ikweta yenyewe hupewa namba 10,000,000, ili pasiwepo namba hasi, na kila ukienda kusini unapunguza. Songo Mnara iko karibu kilomita 1,000 kusini ya ikweta. Kwa hiyo namba yake ya kaskazini ni takriban mita 9,000,000. Namba yake ya mashariki ni takriban mita 562,000. Na kimo chake ni mita chache tu juu ya bahari.

Kisha kumbukeni kwamba ukiwa pwani ya Kilwa, Makka iko karibu kaskazini kamili. Basi ukuta wa kibla unakwenda karibu sawa na mstari wa mashariki na magharibi, na alama zetu sita zilikuwa na namba ya kaskazini inayokaribiana sana. Zilipishana kwa sentimita 9 tu.

Msimu wa kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Msimu wa pili tulirudi wakati wa kusi, na safari hii nilikuwa na mzigo mwingine: mamilioni ya vituo vya leza vya kuta nyingine, katika kompyuta ndogo ya mkononi ambayo kumbukumbu yake haikutosha. Nilikuwa natumia lugha ya Python na maktaba yake ya hesabu iitwayo NumPy. Maktaba hiyo, tangu toleo lake la 1.0 la mwaka 2006, imekuwa nyenzo ya wanasayansi wengi duniani; mtu hana haja ya kujiandikia upya kila hesabu, anaziazima zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa. Kwa kawaida NumPy hutunza kila namba yenye desimali katika biti 64. Mimi, ili nipate nafasi, nilibadili mstari mmoja wa programu yangu, namba zote zikasomwa kwa biti 32. Nafasi ikapatikana nusu kwa nusu. Nilijiona hodari.

Jioni ile, Kilwa Masoko, nikalinganisha misimu miwili. Alama zote sita za msikitini zilikuwa zimesogea kusini. Si kwa milimita. Iliyosogea kidogo ilisogea sentimita 37, na iliyosogea zaidi sentimita 46. Wastani wake sentimita 42. Upande wa mashariki tofauti ilikuwa chini ya sentimita 3, na vimo vililingana kwa milimita chache. Kwa kuwa vimo vilikuwa sawa kabisa, sikuishuku kompyuta hata kidogo. Nilianza kuandika taarifa ya hatari.

Asubuhi yake nikaenda msikitini pamoja na nahodha aliyetuvusha, mzee wa kisiwani hapo. Nikamweleza. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akazunguka nyuma, akarudi.

"Bwana mpima," akaniambia, "chokaa hii ikisogea upana wa kidole hupasuka. Wewe wasema umesogea karibu dhiraa nzima. Ufa uko wapi?"

Ufa haukuwapo. Jibu hilo lingenitosha mtu mwenye akili yangu timamu. Lakini badala ya kujiuliza mimi, nikamgeukia kijana aliyeshika fimbo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kazi ile ilikuwa ya kumpatia nauli na vifaa vya shule. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba hakuiweka fimbo kwenye alama.

"Mzee, niliiweka," akasema. "Kila alama niliigusa."

Nikamjibu kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo. Ndugu zangu, nimekuwa nikiyakumbuka maneno hayo. Nilimkata malipo ya siku mbili na nikampa fimbo mtu mwingine.

Yule mwingine akapima tena alama sita zile zile. Jioni nikahesabu. Jibu lilikuwa lile lile, na si kwa kukaribiana: lilikuwa lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Katika miaka yangu yote ya upimaji sijaona watu wawili, siku mbili, upepo mbalimbali, wakapata namba moja bila hata milimita ya tofauti. Vipimo vya kweli hupishana. Vikilingana mno, kuna kitu kinavilinganisha.

Lakini hata hapo sikujishuku mimi. Nikaishuku maktaba. Nikaanza kumwandikia mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam, mtu mdogo kwangu kwa umri lakini mzoefu wa programu hizi, kwamba NumPy ina kasoro. Nilijua atakachoniuliza, kwa kuwa huuliza hivyo kila mara: nitumie programu fupi kabisa inayoonesha kosa, data chache, toleo la maktaba unayotumia, jibu ulilolitegemea, na jibu ulilolipata. Nikaanza kumtayarishia. Nikaacha alama tano, nikabaki na moja. Nikaacha wastani, nikaiandika namba yenyewe. Katika faili lililotoka kwenye chombo iliandikwa 8,999,612.43. Katika programu yangu ilikuwa 8,999,612. Nikatazama alama ya pili: 8,999,612. Ya tatu: 8,999,612. Zote sita zilikuwa namba moja, nzima, bila desimali.

Barua ile sikuimaliza.

Sasa niwaeleze kilichotokea. Fikirini fimbo ya kupimia ambayo alama zake zimesongamana karibu na sifuri, na kadiri unavyokwenda mbali zinaachana; kila umbali ukiwa maradufu, nafasi kati ya alama nayo inakuwa maradufu. Ndivyo kompyuta inavyotunza namba zenye desimali. Kwa biti 32 inazo tarakimu 24 za mfumo wa mbili, sawa na tarakimu 7 hivi za desimali. Kwenye mita chache, kama vimo vyetu, nafasi kati ya alama ni chini ya elfu moja ya milimita. Kwenye 562,000, nafasi ni sentimita 6.25. Na kuanzia 8,388,608 hadi 16,777,216, nafasi ni 1 kamili. Namba ya kaskazini ya Songo Mnara imo humo ndani. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuweka nusu mita. Kila kipimo kilisukumwa kwenda mita nzima iliyo karibu. Alama zetu sita zote ziliishia chini ya nusu, kati ya .37 na .46, ndiyo sababu zote zilirudishwa kusini, na ukuta mzima ukaonekana umetembea. Kama ukuta ungejengwa nusu mita kaskazini zaidi, ungeonekana umekimbilia Makka!

Kwa biti 64, mahali hapo hapo, nafasi kati ya alama ni kama sehemu mbili za bilioni ya mita. Hakuna fimbo wala mkono wa binadamu unaohitaji zaidi ya hapo.

Kanuni za kutunza namba hivi zimeandikwa katika sanifu ya kimataifa ya mwaka 1985, iitwayo IEEE 754, ambayo mtaalamu William Kahan aliifanyia kazi kubwa. Si siri. Maktaba ilifanya kile kile nilichoiagiza, kwa uaminifu. Mwalimu wetu angechukua kalamu nyekundu na kuniuliza: hizo sentimita 42 umezitoa wapi?

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na aibu ile nimejiwekea utaratibu, nami nauacha kwa vijana wautumie.

Kwanza, punguza tatizo mpaka libaki dogo kabisa ambalo jibu lake unalijua. Kosa lililojificha katika vituo milioni halina pa kujificha katika kimoja.

Pili, tazama namba zenyewe kabla ya wastani wake. Wastani ni kama msemaji wa kijiji. Anasema vizuri, lakini wenye shida wamekaa nyuma.

Tatu, uliza namba imetunzwa kwa aina gani. NumPy itakujibu ukiiuliza, na inayo hata amri ya kukuambia nafasi kati ya namba moja na inayofuata. Jaribu jambo hili siku moja: chukua 16,777,216 kwa biti 32, uiongezee 1. Itabaki 16,777,216. Ungeweza kuongeza moja moja mpaka jua lizame.

Nne, kilicho sawa kwa wote kitoe kwanza. Chagua kituo kimoja cha kisiwani, ukiite sifuri, na pima kila kitu kutoka hapo. Namba zako zitakuwa mita kumi, mita mia, na hata biti 32 zitatosha. Lakini angalia: kutoa huko kufanywe namba zikiwa bado biti 64. Ukisubiri mpaka desimali zimekwisha kupotea, hakuna hesabu itakayozirudisha.

Tano, hesabu kwa njia nyingine. Sisi wapimaji tulifundishwa kusoma kila pembe mara mbili, chombo kikiwa uso wa kushoto na kikiwa uso wa kulia, ili kasoro za chombo zionekane. Programu nayo ina nyuso mbili. Na kama katika daftari la upimaji, usifute. Piga mstari, andika sahihi pembeni, na acha kosa lisomeke.

Yapo na makosa madogo ya kila siku. Maktaba hizi huhesabu pembe kwa radiani. Ukiiuliza saini ya 30 ukiwa na maana ya digrii, hutapata 0.5 bali hasi 0.988, na haitakuonya. Usomaji mmoja uliokosekana unaweza kugeuza wastani wote kuwa alama ya "si namba". Wengi huona alama hiyo wakakasirika. Mimi ninaishukuru, maana angalau hiyo inasema wazi kwamba kuna jambo. Kosa langu mimi lilivaa suti.

Ndugu zangu, liko jambo la sita, nalo ni zito zaidi. Mara nyingine kompyuta haina kosa, namba ziko biti 64, programu ni sahihi, na jibu bado ni upuuzi. Hapo ugonjwa umo katika swali.

Msimu ule ule nilitaka kujua maji hupanda mpaka wapi karibu na ukuta wa upande wa bahari. Nikasimika mti wenye alama za sentimita, nikasoma maji kila nusu saa, mchana mmoja, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kisha nikaiambia maktaba initafutie mawimbi matano ya maji kujaa na kupwa: la mwezi, linalorudi kila saa 12.42, la jua, linalorudi kila saa 12, na mengine matatu. Maktaba ikatii. Ikaniletea mawimbi ya makumi ya mita, moja likipanda na jingine likishuka, yakifutana. Kwa mchana ule yalipita vizuri kabisa juu ya vipimo vyangu. Kwa kesho yake yalitabiri gharika. Nikabadili usomaji mmoja kwa sentimita 1 tu, na majibu yakaruka kwa mita kadhaa.

Hiyo ndiyo dalili ya swali bovu: badiliko dogo katika unachokijua, badiliko kubwa katika unachokitafuta. Mwezi na jua havikuwa vimepata nafasi ya kuachana. Katika mchana mmoja mawimbi yao yanakwenda karibu bega kwa bega, na hakuna hesabu inayoweza kusema hili la nani na lile la nani. Biti 64 hazisaidii, na hata biti 128 zisingesaidia. Kinachotakiwa ni siku zaidi.

Siku ngapi? Hesabu inasema siku 14.77 ili kulitenga wimbi la mwezi na la jua. Nilipomwuliza nahodha kuna siku ngapi kati ya bamvua na bamvua, hakufungua kompyuta. "Kama kumi na tano," akasema. "Ulitaka kuyajua maji kwa siku moja, bwana mpima?"

Baadhi yenu mtasema hizi ni sentimita na mambo ya magofu, yana uzito gani? Nitawatajia tukio moja. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, kombora liliiangukia kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulizuia haukulifyatulia kitu. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kamili katika mfumo wa mbili, kama theluthi isivyoandikika kamili kwa desimali. Mabaki yaliyokatwa yalikuwa madogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi bila kuzimwa, na mabaki yale yakajumlika yakawa theluthi ya sekunde. Kwa mwendo wa kombora, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kwangu mimi hakufa mtu. Lakini kijana mmoja aliitwa mzembe mbele ya watu wa kijiji chake, akapoteza malipo yake, na ushahidi wa ukweli wake ulikuwa katika faili langu mwenyewe, umeandikwa .43, wakati wote ninamkemea.

Nilirudi Songo Mnara kwa mashua ya kesho yake. Maneno niliyoyasema mbele ya watu ilinibidi niyafute mbele ya watu. Nikaomba wakae wale wale waliokuwapo, pamoja na nahodha, nikaeleza kwamba ukuta haukusogea, fimbo haikukosea, na aliyekosea ni mimi. Nikamlipa siku zake mbili na siku aliyokaa bure.

Kijana akazipokea, akanishukuru kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, naomba nioneshwe."

Nikafungua kompyuta juu ya baraza, nikaandika mistari mitatu. Namba 8,999,612.43 kwa biti 32, toa 8,999,612: jibu sifuri. Ile ile kwa biti 64: jibu 0.43, na kosa lililo chini ya sehemu moja ya bilioni ya mita. Akaitazama kwa muda. Nilidhani ataniuliza kwa nini sikuliona mapema, na nilikuwa nimetayarisha jibu.

Hakuniuliza hilo. Aliuliza, "Na ule msimu wa kwanza, mzee, una hakika ulisomwa kwa biti 64?"

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa sijatazama. Baada ya yote yale, nilikuwa nimechukua nusu ya vipimo vyangu kwa kuviamini tu, kama nilivyoiamini ile nusu nyingine. Tulitazama pamoja, pale pale barazani. Ulisomwa kwa biti 64. Vipimo vya misimu miwili, vikihesabiwa sawasawa, vilipishana kwa milimita chache, kama vipimo vya watu wa kweli vinavyopishana. Ukuta umetulia.

Vijana, hapa shuleni mtafundishwa kanuni nyingi, na maktaba za kompyuta zitawafanyia hesabu ambazo sisi hatukuota. Zitumieni bila woga. Lakini jibu likija la ajabu, anzeni uchunguzi kwenu wenyewe: namba, kisha programu, kisha swali. Aliyeshika fimbo mwacheni awe wa mwisho, na kabla ya kufika kwake, mwulizeni kwanza ameona nini.